Chura wa Kihansi au E. koli? Kwa anaechagua mradi wa sayansi wa skuli

Juzi jioni nimekaa barazani kwangu hapa Wete na kikombe cha chai, mara hao wanakuja watoto wa kaka yangu wawili, Mwanaisha na Mudi, wote fomu 3, na kila mmoja kanuna upande wake. Kumbe mwalimu wao wa bayolojia kawaweka kundi moja kwa ajili ya maonyesho ya skuli, wachague kiumbe mmoja wamfanyie mradi, wana wiki tatu. Mwanaisha anamtaka yule chura wa Kihansi aliotolewa kwenye hatari ya kwisha kabisa. Mudi anataka E. koli, wale bakteria wa matumboni. Wameshagombana tangu njiani. "Ami, amua wewe bas."

Nikawaambia sitaki kuamua nikiwa na njaa, nendeni mkarudi. Lakini usiku nikawa nafikiri, nikaona heri niandike, maana wanaokwama hapa si hawa wawili tu. Na niseme mapema kabisa, mie miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima maji ya visima, yaani huyo E. koli nimekula nae sahani moja (si kwa maana hiyo!), kwa hiyo nina upande, msome mkijua.

Kwanza chura mwenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili limetokana na Kilatini cha manyunyu ya maji, na kweli limemkaa. Kwao ni sehemu moja tu dunia nzima, bonde la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa huko bara, pale maji yalipokuwa yanaporomoka kwa nguvu yakipiga mwamba yakageuka moshi wa maji, majani yanaloa mchana na usiku masika na kiangazi. Hapo hapo ndo alipokuwa anaishi, eneo la hekta 2 hivi, chukulia viwanja vitatu vya mpira ukiviunganisha. Ukitoka nje ya manyunyu humkuti.

Na ni kidogo huyo chura, watu hawaamini. Jike mkubwa ana milimita 29, dume hafiki 20. Angalia kidole gumba chako, kile kipande chenye ukucha, bas jike zima linakaa pale. Rangi njano kama bizari, na michirizi ya kahawia ubavuni. Ngoma ya sikio hana.

Lakini lililomvuta Mwanaisha ni jengine. Vyura wetu wa mabonde ya mpunga mnawajua, vuli ikianza usiku hakulaliki, asubuhi ukenda kwenye jaruba unakuta mayai kama utelezi wa bamia yamegandana, siku chache baadae viluwiluwi vimejaa. Huyu wa Kihansi hatagi. Anazaa kama mbuzi! Vitoto vinatoka tumboni vishakuwa vyura kamili, mikono na miguu, kila kimoja kiasi cha punje ya mchele, na ngozi ya tumbo la mama yake ni nyembamba mpaka unaviona vimejipanga ndani kabla havijazaliwa. Vyura wa kuzaa namna hii duniani ni wachache mno. Hili peke yake ukilichora vizuri kwenye bango watu watasimama mbele ya meza yako.

Sasa kisa chake. Wataalamu walimkuta 1996, na walimkuta kwa sababu walikuwa wanachunguza mazingira ya hapo kwa ajili ya bwawa la umeme, yaani amejulikana duniani huku maji yake yameshapangiwa kazi nyengine. Kufikia mwaka 2000 mitambo inazunguka, megawati 180, na maji kama asilimia 90 hayaporomoki tena bondeni, yanapita kwenye handaki kwenda kwenye mitambo. Manyunyu yakakata. Mwishoni mwa 2000 wakakamatwa vyura 499 wakapakiwa ndege wakapelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama kule New York, na baadae wengine wakawekwa Toledo Zoo. Huko nako mwanzo walikufa wengi sana, maana nani alikuwa anajua chura huyu anataka taa gani, anakula kijidudu cha ukubwa gani? Kule bondeni yakatandikwa mabomba ya kunyunyizia maji, kama yale ya bustani za mahoteli, yafanye kazi ya maporomoko. Na yalifanya, idadi ikapanda tena mpaka maelfu. Halafu 2003 wakaanguka ghafla, wakaonekana na ugonjwa wa kuvu ya ngozi ule uitwao kitridi, unaoua vyura nchi nyingi. Mwanzoni mwa 2004 waliobaki unawahesabu kwa vidole. 2009 IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, wakamtangaza ametoweka porini, kabaki wa kufugwa tu.

2010 wakarudishwa 100 kwa ndege, wakawekewa nyumba yao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao.

Tuna msemo wetu, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mie kila nikikumbuka kisa hichi naona kimeupindua. Chura hana hata sikio la nje, mdogo kuliko gumba, na bado ng'ombe mkubwa namna ile, yaani bwawa la umeme, ilibidi aache kiasi cha maji yapite kwa ajili yake na chura alipiwe mabomba na ndege ya kwenda na kurudi Marekani. Kuna watu wanachukia wakisikia hayo, wanasema hela zote zile kwa vyura? Na swali lao si la kijinga. Mwanaisha akimchukua chura ajitayarishe, kuna mzee mmoja lazima atamuuliza.

Haya, E. koli.

Aliemwelezea mwanzo ni daktari wa watoto wa Kijerumani, Theodor Escherich, 1885, alikuwa anachunguza vinyesi vya watoto wachanga, ndo maana bakteria ana jina lake: Escherichia coli, na hiyo koli ni utumbo mpana. Umbo lake kijiti, urefu wa maikromita 2 hivi, ukiwapanga 500 kichwa kwa mkia ndo unapata milimita moja. Kwa hiyo yule chura jike wa milimita 29 ni foleni ya bakteria 14,500. Mudi nilipompigia hesabu hii alicheka peke yake kama mwehu.

Mwanaisha yeye anasema "bakteria ni uchafu ami, nitasimama mbele ya wazazi nizungumze kinyesi?" Sasa mwanangu, huyo E. koli yumo tumboni mwako muda huu unaponiambia hivo, na mwalimu mkuu anae, na bibi harusi anae. Walio wengi hawana neno, wanakaa, wanakula mabaki, na wamo kwenye kundi la bakteria wanaotusaidia kupata vitamini K. Taabu ni akitoka mahala pake. Akipanda njia ya mkojo ndo hiyo UTI, na katika UTI nyingi wanazougua watu mkosaji ni yeye. Halafu kuna koo nyengine zake zenye sumu, za kuharisha, na moja Ujerumani mwaka 2011 iliua watu zaidi ya 50 kwa kupitia mbegu zilizoota za saladi. Kwa hiyo ni jamaa mmoja mwenye ukoo mkubwa, wema wengi na wahuni wachache, kama koo zote.

Kasi yake sasa. Akipata chakula na joto zuri anagawika kila dakika 20. Mmoja, wawili, wanne. Baada ya saa tatu na dakika 20 washafika 1,024. Baada ya saa saba wamepita milioni 2. Pilau lililobaki harusini likaachwa mezani toka mchana mpaka isha, fanyeni hesabu wenyewe. Wakati huo huo chura wa Kihansi anazaa vitoto kumi na kitu akijitahidi sana.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa mtu anaechagua mradi ni kubwa kuliko yote niliyokwisha kusema. Bakteria anakujibu. Unamuuliza leo, kesho asubuhi jibu unalo. Nitaeleza jinsi tulivokuwa tukimtafuta kwenye maji ya kisima, maana akiwemo ujue kinyesi kimeingia, ili mjue nina maana gani.

Tunakwenda kisimani na chupa iliochemshwa, tunachota, mililita 100 tunazipitisha kwenye karatasi ya kichujio yenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanapita bakteria wanabaki juu. Ile karatasi unaichukua kwa koleo kidogo lililopitishwa kwenye moto, unailaza kwenye kisahani juu ya pedi iliolowana chakula cha bakteria, chakula chenyewe chekundu. Unafunika. Unatia ndani ya kabati ya joto, nyuzi 44, unaondoka zako. Ile 44 ina hila, bakteria wengi wa kwenye udongo na majani joto lile linawashinda, wa matumboni ndo wanaostahamili. Asubuhi unafungua, kama maji ni mazuri karatasi iko vile vile. Kama si mazuri unakuta vidoa vya njano, mviringo, kila kidoa ni ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja au kijikundi kimoja aliekuwa kwenye yale maji uliochota jana. Hesabu vidoa. Shirika la Afya Duniani linataka sifuri katika mililita 100. Sifuri, si mbili.



Nakumbuka kisima kimoja, sitosema cha wapi, mwenye nyumba kakijengea ukuta mzuri, kakipaka chokaa, kakiwekea na mfuniko, na anakisifia kweli. Kisahani chake asubuhi kilijaa njano mpaka vidoa vimegusana nikaacha kuhesabu. Tukarudi kuangalia. Mfuniko mzima, ukuta mzima, choo kiko mbali. Tukakaa tukawa tunawatazama watu wanavochota. Mtoto kaja kachota, kaimwaga ndoo, kamba kaitupa chini, na pale chini kuku wanapita na mbuzi kafungwa hapo hapo. Akaja wa pili akaiokota kamba akaitumbukiza na ndoo. Bas! Kumbe siku zote walikuwa wanakipikia kisima supu ya kamba. Tukamwambia apigilie msumari wa kutundikia, akaweka, na dawa ya klorini ikatiwa, na safari ya pili kisahani kikatoka na vidoa vitatu. Vitatu si sifuri, nikamwambia endelea kuchemsha.

Mradi kama huo wanafunzi wanauweza. Sampuli tatu za mtaani, kisima kilichofunikwa, kilicho wazi, na maji ya kisima hicho hicho yaliochemshwa. Wiki moja tu mna matokeo ya kwenu wenyewe ambayo hayapo kwenye kitabu chochote. Chura wa Kihansi huwezi kumgusa, huwezi kumuona, utakachoweka mezani ni habari walizozipata watu wengine. Habari nzuri mno, lakini za wengine.

Lakini sitaki mseme ami kaficha aibu za bakteria. Moja, haonekani. Utaweka visahani vyenye madoa na nusu ya wazazi watapita wakidhani ni fangasi wa mkate. Mbili, si mchezo wa jikoni. Kazi ifanywe maabara, mwalimu awepo, visahani vikishaota vizungushiwe tepu na visifunguliwe tena, vikimaliza kazi vitiwe jiki vikae humo ndo vitupwe. Msije mkaotesha kinyesi chenu wenyewe eti ndo sayansi, wapo waliojaribu. Tatu, kabati ya joto inataka umeme usiokatika usiku kucha, au betri.

Na hapo kwenye umeme niwape kitu, Mwanaisha ndo atakipenda. Pemba tuliungwa na gridi ya taifa 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, mnaokumbuka majenereta mnajua furaha ya siku zile. Kihansi nae anaingiza umeme wake kwenye gridi hiyo hiyo. Kwa hiyo kabati ya nyuzi 44 inayomkuza E. koli wa kisima cha Pemba, ndani ya joto lile kuna sehemu ya yale maji yalioacha kumnyunyizia chura. Sijui wangapi wamekaa wakawaza hivo. Mie nilipowaza mara ya kwanza nilikuwa nasubiri kisahani, nikaitazama ile taa nyekundu ya kabati muda mrefu.

Mudi na yeye ana hoja yake, anasema chura hana faida, bakteria ana faida. Faida ya E. koli kweli ni ya kutisha. Mwaka 1978 wataalamu Marekani walimtia jeni ya binaadamu ya kutengeneza insulini, akaitengeneza, na kuanzia 1982 ikaruhusiwa kuuzwa kama dawa. Kabla ya hapo insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na kwa sisi Waislamu hilo la pili mnajua uzito wake. Wagonjwa wa sukari wangapi mtaani kwetu wanajidunga asubuhi bila ya kujua historia hiyo. Halafu kuna mtaalamu Richard Lenski, 1988 alianzisha chupa 12 za E. koli na kila siku wanahamishiwa kwenye chakula kipya, mpaka sasa vimepita vizazi zaidi ya 70,000, na kwenye chupa moja tu, baada ya vizazi kama 31,000, bakteria wakaanza kula sitreti (ile inayotokana na asidi ya ndimu) palipo na oksijeni, kitu ambacho E. koli kwa kawaida hawezi. Kubadilika kwa viumbe wanafunzi tunawakaririsha tu, hapa kumetokea ndani ya chupa mbele ya macho ya watu. Usugu wa dawa ni hadithi hiyo hiyo, anaekatisha antibayotiki siku ya pili kwa sababu kaona nafuu anawabakisha wale wagumu ndo wazaane.

Lakini kusema chura hana faida, Mudi, hapo umekwenda mbio. Bakteria ukimbadilishia mazingira ana vizazi 70 kwa siku vya kujaribu bahati yake, mmoja katika mamilioni ataibuka anaestahamili. Chura ana hekta 2 na vitoto kumi na kitu. Kwa hiyo kila kilichobadilika pale bondeni, maji, kuvu, kimeonekana kwake mara moja. Ukiulizwa maonyesho "faida yake nini" sema hivo, usianze kubabaika na habari za watalii.

Kwa hiyo nani amchukue nani? Kama kundi lenu lina mtu anaejua kusema, mtu wa mdahalo, na skuli haina kabati ya joto wala mwalimu wa kukaa na nyinyi maabara, chukueni chura. Kisa chake kina mwanzo, kina msiba, kina ndege, kina swali la hela. Mtahitaji bango, mwanasesere wa udongo wa ukubwa wake wa kweli, na chupa ya kunyunyizia ile ya kupigia pasi. Kama maabara ipo, hata ndogo, chukueni E. koli msiangalie nyuma. Waamuzi mara nyingi wanauliza "nyinyi wenyewe mmefanya nini?" na anaejibu kwa vidoa vyake mwenyewe hashindwi kirahisi.

Na kama mtu hataki kuachia chura kabisa, basi achukue wa kwetu. Nenda bonde la mpunga siku tatu za mvua na siku tatu kavu, saa ile ile ya usiku, pamoja na mtu mzima, sikiliza dakika kumi, andika sauti ngapi tofauti unazisikia. Usiwakamate. Ukitoka bonde hili kwenda lile osha viatu kwanza na uache vikauke, ile kuvu ya kitridi inasafiri kwenye maji na tope. Huo nao ni mradi, na kusema kweli sijaona skuli ya hapa ikiufanya.

Walirudi jana baada ya magharibi. Nikawasomea. Mudi kafurahi kupita kiasi mpaka dada yake akamkanyaga mguu. Wamekubaliana E. koli wa sampuli tatu za visima, lakini Mwanaisha kasema kwenye kona ya bango atamchora chura wa Kihansi milimita 29 kamili na mshale kutoka kwake mpaka kwenye swichi ya kabati, na Mudi asiguse kona hiyo. Mie sina neno. Chupa za sampuli ninazo mbili tatu kwangu, Jumamosi waje na ndoo yao, na kamba wasiiburuze chini.